Mguu Uliotangulia

Mguu wangu wa kulia ulikuwa dawa nilipokuwa mtoto. Sitanii. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, na kwa watu wa kwetu Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, mtoto wa namna hiyo hakuwa wa kuchezea. Mtu akiteguka kifundo, au mgongo ukimkamata shambani, hakuwaza kwanza daktari. Alimtafuta mtoto aliyetanguliza miguu, akalala kizingitini pa mlango, akakanyagwa mara tatu kwa kisigino. Mtaani kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi, Redemta, mjukuu wa Bibi Batilda, mwenye miaka tisa na majivuno ya kumtosha mtu mzima.

Nayakumbuka majivuno hayo kwa aibu. Wazee niliowaamkia shikamoo asubuhi, mchana walikuwa chini mbele yangu wakiniomba nisikanyage kwa nguvu. Wakiondoka waliniachia karanga, au muwa, au yai la kuchemsha. Wenzangu walikwenda kuchota maji na kuokota kuni, mimi Bibi alinilinda nisichomwe na mwiba. Nililala na soksi.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja. Kabla ya kukanyaga, Bibi alisimama katikati yetu akatuuliza mmoja mmoja, "Una neno naye?" Mimi nilijibu, "Sina neno nawe." Mgonjwa naye alijibu, "Sina neno nawe." Ndipo mguu ulipopanda. Bibi alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini hapo hakucheka.

"Mguu wenye neno haukanyagi," alikuwa akiniambia. "Ukikanyaga una neno moyoni, maumivu hayatoki. Yanaingia ndani, yanakaa huko."

Kusema ukweli hakukuwa kugumu. Siku moja jirani yetu Baba Kosmas, fundi baiskeli, alilala kizingitini na mgongo wake, akaulizwa swali lile. Akasema, "Mama Batilda, mimi nina neno. Huyu mtoto ananimalizia mapera yangu." Tukacheka wote. Nikaomba radhi, nikapiga goti, akasema yameisha, nikamkanyaga. Kesho yake alikuwa juu ya baiskeli anapiga mluzi. Naieleza hiyo ili ijulikane kwamba njia ya kutokea ilikuwepo, na mimi niliijua.

Humo nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Dada Skola. Skolastika alikuwa mtoto wa mama mkubwa, na mama mkubwa alifariki Skola angali mdogo. Mama yangu mimi alikuwa hai, ila alikuwa ameolewa mara ya pili na mfanyabiashara wa korosho, akaenda kuishi naye Nalasi, huko Tunduru. Alipopanda basi aliniambia atarudi kunichukua msimu ukiisha. Misimu ikaisha mingi. Akawa mtu wa Krismasi, tena si kila Krismasi.

Kwa hiyo aliyenilea ni Skola. Ndiye aliyenisuka nywele, aliyenifundisha Baba Yetu na jedwali la kuzidisha, aliyenikinga nilipostahili fimbo. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyomfanya katekista amsimamishe mstari wa mbele kwaya. Na alikuwa anaondoka. Alikuwa amekubaliwa kuanza malezi ya utawa, na mwezi ule wa sita, mvua zikiwa zimeisha, masista walileta ujumbe kwamba siku ya safari imepangwa. Sista aliyekuja nyumbani aliketi kwenye kiti chetu kizuri, akanywa chai, akamwambia Bibi, "Aje akiwa mzima wa afya tu, mengine tutampa sisi."

Bibi alifurahi hadi akaimba. Skola alishona nguo mbili. Mimi nilihesabu siku, zilikuwa kumi na moja, na kila nilipomwona anakunja kanga kuziweka kwenye begi nilimwona mama yangu anapanda basi.

Watoto wa kwetu tulikuwa na mchezo wa kufunga majani. Unachukua fungu la majani marefu upande huu wa njia na fungu jingine upande ule, unayafunga pamoja kwa fundo, kisha unajificha kusubiri mwenzio ajikwae. Bibi alikuwa ameupiga marufuku kabisa kwenye njia ya kisimani, kwa sababu wanawake hupita pale na ndoo kichwani na hawaoni miguu yao.

Nilifunga mafundo matatu. Pale kwenye mteremko, mahali Skola alipopita kila asubuhi akirudi na maji.

Nimejiuliza mara nyingi mtoto anayempenda mtu vile aliwezaje. Jibu ninalo, na halinipendezi. Sikuona kwamba namwumiza, kwa sababu dawa ilikuwa kwangu. Nilipiga hesabu zangu vizuri: atateguka kidogo, ataonekana si mzima wa afya, siku ya safari itapita, masista watachukua wasichana wengine. Kisha mimi nitamkanyaga mara tatu, atapona, atabaki. Nani angeogopa kuvunja kitu anachojua kukiunga? Kama ningezaliwa nimetanguliza kichwa kama watoto wengine, nadhani ningelia tu nikanyamaza.

Nilikuwa nyuma ya kichaka alipoanguka. Ndoo ilitangulia, maji yakamwagika yote, naye akaenda chini na mguu wa kushoto umepinda ndani. Hakupiga kelele. Alisema "Yesu" mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akakaa anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilitoka nikajifanya nimetoka nyumbani. Kabla sijamfikia nilipita kwenye mafundo nikayang'oa kwa vidole vya miguu. Hata leo nikikumbuka tendo moja la siku ile linalonitoa jasho ni hilo, la kung'oa. La kufunga lilikuwa la mtoto. La kung'oa lilikuwa la mtu anayejua.

Hadi tunafika nyumbani, yeye ameniegemea bega, kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi. Baba Kosmas alitoka kibandani kwake na spana mkononi.

"Mama, nimpakie kwenye baiskeli nimpeleke hospitali?"

"Hospitali ya nini, Kosmas?" Bibi alisema. "Mguu tunao humu humu ndani."

Hilo sikulitarajia. Katika hesabu zangu, mimi ndiye niliyepaswa kuchagua siku ya kukanyaga, baada ya basi kuondoka. Sasa Bibi alikuwa amekwisha kuchemsha maji, anamkanda Skola kwa kitambaa cha moto, anamchua kwa mafuta kuelekea chini, na Skola ameuma pindo la kanga. Mkeka ukatandikwa. Mguu ukawekwa kizingitini. Bibi akasimama katikati yetu.

"Rede, una neno naye?"

Nilijua kabisa nilichotakiwa kusema. Kingekuwa kile kile cha Baba Kosmas na mapera: nina neno, nimefunga majani, naomba radhi. Ningechapwa, bila shaka, na ningestahili. Lakini nilimtazama Skola pale chini, akanitazama kwa yale macho ya kuniamini, nikaona kwamba nikisema, ataondoka akiwa ananichukia. Basi litamchukua na hata Krismasi hatakuja.

"Sina neno nawe," nikasema.

Bibi akamgeukia Skola. "Na wewe, una neno naye?"

Skola alichelewa kujibu. Aliangalia darini, akameza mate, ndipo akasema, "Sina neno nawe." Niliona amechelewa. Nilidhani ni maumivu.

Nilikanyaga mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia chini ya kisigino kitu kikiteleza mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuteleza. Mara ya pili Skola alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine. Mara ya tatu nilifumba macho.

Tulirudia kesho yake, na siku iliyofuata. Maji ya moto, mafuta, kisigino. Kila asubuhi Bibi aliuliza, kila asubuhi tulijibu. Siku ya nne mguu ulikuwa mweusi hadi katikati ya muundi, ngozi inang'aa, na Skola alikuwa anatetemeka. Bibi aliuangalia muda mrefu. Kisha akatuangalia sisi, mimi halafu yeye, halafu mimi.

"Humu ndani kuna mtu amesema uongo," alisema.

Mimi niliangalia chini. Sikumwangalia Skola, na ningemwangalia labda ningeona kwamba naye anaangalia chini.

Siku hiyo ndipo Baba Kosmas alipompakia. Hospitalini waliuliza ni nani aliyekuwa akiuchua mguu huo na kuukanda moto, Bibi akasema ni yeye, hakunitaja. Wakasema kano zimechanika vibaya, wakamfunga plasta. Wasichana wengine wakaondoka na basi. Masista walikuwa wema, walisema asubiri mwaka ujao. Mwaka ujao alikwenda, akiwa anachechemea, akarudi baada ya miezi mitatu. Kazi zao zilikuwa za kusimama na kutembea, na jioni mguu ulijaa asiweze kupiga hatua. Baada ya hapo hakuzungumzia tena habari hiyo. Aliolewa na mkulima wa mahindi palepale Mshangano, akazaa watoto wanne, na ikifika mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhuka kutoka milima ya Matogoro, mguu humwamsha kabla ya jogoo.

Nilichokitaka nilikipata. Skola alibaki.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Siku zile za mwisho nilikaa naye mara nyingi, tukiwa wawili tu, na hata mara moja sikufungua mdomo. Wala hakuna aliyenilalia tena kizingitini. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mguu wa Redemta umekufa.

Sasa nina duka la dawa mjini, karibu na stendi. Nilisomea kazi hiyo, na watu husema nina moyo wa kusaidia. Siwabishii. Katika dawa zote za kwenye makabati yangu, ninazozieleza kwa maneno mengi kupita kiasi ni zile za kutuliza maumivu na kushusha uvimbe: jeli za kupaka, vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni. Mtu anataka tyubu moja aondoke, mimi namsomesha. Siku mbili tatu za kwanza usichue. Usikande kwa moto, tumia barafu au maji ya baridi, uizungushie kitambaa isikuunguze. Funga bandeji ya kuvutika, usikaze sana. Uinue mguu juu ya mto. Jeli paka taratibu, juu juu tu, hutwangi kisamvu. Una vidonda vya tumbo? Figo? Una mimba? Basi vidonge hivi si vyako. Na ukishindwa kupiga hatua nne, mimi si mtu wako, nenda hospitali wakakupige picha. Msichana anayenisaidia dukani hunicheka, anasema nahubiri.

Mwezi uliopita aliingia kijana wa bodaboda, ameegemea kaunta, mguu mmoja hewani.

"Shikamoo mama. Nipe ile ya kuchua, ile inayochoma kabisa."

"Marahaba. Umeanguka lini?"

"Leo asubuhi. Pikipiki imenilalia hapa kwenye kifundo. Ila nikishachua tu nitakuwa fiti. Kuna mtoto jirani yetu kazaliwa katanguliza miguu, mama kasema jioni anikanyage."

"Asikukanyage," nikasema.

"Ah, mama! Ni mambo ya kizamani tu, ya kumridhisha bi mkubwa."

"Nimekwambia asikukanyage!" Nilipiga kaunta kwa kiganja, na watu wawili waliokuwa benchi wakanyanyua vichwa. Kijana akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikashusha sauti. Nikamwomba radhi, nikamfunga bandeji kwa mikono yangu, nikamwambia aende moja kwa moja hospitali. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikupanga kulisema. "Usimuonee mtoto huyo. Ukiharibika mguu, wewe utachechemea, yeye atabeba."

Jioni ile nilichukua tyubu ya jeli, nikapanda bodaboda hadi Mshangano.

Skola alikuwa nje ya nyumba ya Bibi, ambayo sasa ni yake na mumewe, ameketi kwenye gunia karibu na mlango anapukuchua mahindi, sweta juu ya kanga. "Umeniletea mafuta yangu?" aliuliza. Hajawahi kuyaita jeli. Ni miaka mingi mimi ndiye ninayempelekea na mimi ndiye ninayempaka, na wanawe hunisifu, mama mdogo ana upendo. Nikaketi chini, nikauweka mguu wake mapajani, nikafungua kifuniko. Kifundo chake cha kushoto ni kinene kuliko cha kulia, na upande wa nje kuna shimo dogo ambapo kidole changu gumba huingia.

Nikasema nikiwa naangalia shimo hilo. Mafundo matatu ya majani. Kichaka. Kuyang'oa kwa vidole vya miguu.

Mahindi yaliacha kudondoka kwenye beseni.

"Majani gani?" aliuliza.

"Ya pale kwenye mteremko wa kisimani, dada. Niliyafunga mimi. Sikutaka uende."

Kuku wakaja kuokota karibu na miguu yetu na hakuna aliyewafukuza.

"Rede," akasema mwisho. "Mimi nilidhani ni mimi."

Sikumwelewa.

"Bibi aliponiuliza kama nina neno nawe. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimechoka nawe. Kukusuka, kukufulia, kukubembeleza ukimlilia mama yako. Nilikuwa nataka kwenda kwa Mungu, lakini nilikuwa nafurahi pia kwamba nitapumzika kukulea. Nikasema sina neno. Mguu ulipoharibika nikajua Mungu amesikia uongo wangu, amenikataa." Alikuwa hanitazami, alikuwa anaongea na beseni. "Nimeliungama hilo kwa mapadre watatu. Wakinisamehe, narudi nyumbani nachechemea, naona bado."

Sijui mtu hufanya nini anaposikia jambo kama hilo. Nililia, lakini hata kulia kwangu kulinichukiza, kwa sababu yeye hakuwa analia. Miaka yote niliyokuwa nikibeba hatia yangu na kuipaka jeli, nilidhani nimemharibia mguu. Mguu ulikuwa jambo dogo. Nilimwacha mwanamke mcha Mungu aamini kwamba Mungu alimfungia mlango, na mlango niliufunga mimi kwa majani.

Aliinua mguu wake kutoka mapajani mwangu kwa mikono yake miwili, akauweka chini. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo dawa. Nitapaka mwenyewe."

Nikampa. Akapaka taratibu, juu juu, kama ninavyofundisha. Nilipoinuka kuaga, nilisimama pale kwenye kizingiti kile kile, nikingoja, kwa ujinga wangu, aseme maneno yale ya zamani. Akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Nina neno nawe, Rede," alisema. "Jumapili njoo tena."

Nimefikiri sana kuhusu Bibi na sharti lake. Kwa elimu yangu najua uongo hauchani kano. Zilichanwa na mteremko, zikamaliziwa na maji ya moto na kisigino cha mtoto. Lakini Bibi hakukosea kama nilivyodhani nilipotoka chuoni na cheti changu. Ningesema ukweli siku ile, neno langu halikuwa la mapera, lisingeisha kwa goti moja, na asingeniruhusu kukanyaga. Nisingekanyaga, Skola angepanda baiskeli ya Baba Kosmas asubuhi ile ile, mguu ukiwa bado umevimba tu kama andazi. Swali lake lilikuwa pale kumlinda mgonjwa, na lingemlinda.

Nimekwenda Jumapili nne sasa. Ananipa kiti, ananipa chai, tunaongea habari za mahindi na za watoto, na wakati mwingine anarudia kuuliza jambo la siku ile, mafundo yalikuwa mangapi, nilikuwa nimejificha wapi, nami namjibu kila analouliza. Kisha anachukua tyubu na kuinama. Bado anapaka mwenyewe.